Nje ya Nguvukazi

Bi Mwanarehema alikuwa akigeuza viazi kwenye karai barazani pake, mtaa wa Bofu, Janice alipopiga hodi. Alikuwa msichana mwembamba wa kutoka bara, amevaa fulana ya kijani na kitambulisho kimening'inia shingoni, na mkononi ana simu pana kama ubao wa chuoni. Alisalimia vizuri. Likoni hilo peke yake latosha mtu kupewa kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nikutilie viazi au bhajia?"

"Sikuja kununua, mama. Tunafanya utafiti wa nguvukazi. Serikali inataka kujua watu wa umri wa kufanya kazi ni wangapi nchini, na wangapi kati yao wana kazi. Nyumba yenu imechaguliwa na kompyuta. Ni kama bahati nasibu."

"Haya, jamani," akasema Bi Mwanarehema. "Umri wangu wote sijashinda kitu, leo nimeshinda maswali. Pita ndani, mzee yuko. Mimi nitajibu papa hapa, viazi vyangu visiungue."

Ndani mlikuwa na watu watatu. Mzee Boga, mumewe, alikuwa ndiyo kwanza arudi kutoka lindoni. Alikuwa akilinda hoteli moja ya Shelly Beach iliyokwisha kufungwa, isiyo na mgeni wala taa, na kofia ya kazi bado ilikuwa kichwani. Jalila, binti yao, alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka akinyoosha shati jeupe kwa pasi. Mwenye shati, kakake Talha, alisimama kando na singlendi yake akilingojea.

Janice alianza na mwenye nyumba. Alipotajiwa umri wa Mzee Boga, sitini na sita, akagusa kioo na kuyaruka maswali mengi kwa mpigo.

"Mbona umenipita?" Mzee Boga akauliza.

"Umri tunaouhesabu ni kumi na tano hadi sitini na nne, mzee. Wewe umeshatoka kwenye umri wa kufanya kazi."

"Nimetoka?" Mzee Boga akaivua kofia, akaitazama, akairudisha kichwani. "Basi kamwambie aliyeniajiri. Usiku kucha nimezunguka ule ua na rungu. Humu ndani mimi ndiye mwenye mshahara, nami ndiye usiyenihesabu."

"Nitaandika kwamba unafanya kazi, mzee. Ila kwenye ile hesabu kubwa hutaingia."

Mzee Boga akajiegemeza ukutani kama mtu aliyeambiwa asubiri nje. Janice akauliza habari za Bi Mwanarehema, naye akajibu kutoka barazani kwa sauti ya kushindana na mafuta. Halafu zamu ikawa ya Jalila.

"Nakaanga na mama," akasema Jalila. "Lakini natafuta kazi nyingine. Kuna wakala Changamwe, Bi Nadira, apeleka wasichana Saudia kufanya kazi za nyumbani. Pasi yangu ya kusafiria iko tayari."

"Haendi!" sauti ikatoka barazani.

Jalila akatabasamu bila furaha. "Mama asema ningoje kakangu apate kazi kwanza. Basi nangoja."

Janice akamgeukia Talha. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, stashahada ya usafirishaji wa mizigo, na upole wa sauti ambao mamake aliamini ungemfaa afisini.

"Wiki iliyopita umefanya kazi yoyote ya malipo, hata kwa saa moja?"

"La."

"Na katika wiki nne zilizopita, umetafuta kazi? Kupeleka barua, kuuliza marafiki, kwenda milangoni mwa kampuni?"

"Atafuta kila siku ya Mungu," Jalila akamjibia. "Hulioni hili shati? Kila asubuhi nalinyoosha. Andika ndiyo."

Talha alikuwa ameulizwa swali hilo na watu wengi, na kila mara jibu lilimtoka kabla swali halijaisha. Baba aliuliza kwa sababu alitumaini, majirani waliuliza ili wapate la kusema. Msichana huyu hakuwa na lolote alilolitaka. Alingoja tu, kidole juu ya kioo, kama mtu aliyeuliza saa ngapi. Labda hilo ndilo lililomponza, au labda alikuwa amechoka.

"La," akasema. "Sijatafuta."

Mkono wa Jalila ulisimama juu ya shati.

"Sababu kuu?" Janice akauliza, sasa kwa sauti ya chini. "Nitakusomea, uchague. Ugonjwa. Masomo. Majukumu ya nyumbani. Umekata tamaa ya kupata."

"Hiyo ya mwisho."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Ramadhani ilikuwa imepita, na Idi zote mbili zimepita. Jalila akachomoa waya wa pasi ukutani, shati likiwa limenyooshwa upande mmoja tu. Barazani, kijiko cha Bi Mwanarehema kiliacha kugonga karai.

"Sasa huyu umemtia wapi?" Mzee Boga akauliza. "Kwa wasio na kazi?"

"La, mzee. Asiye na kazi ni yule anayeitafuta. Asiyefanya wala kutafuta tunamwandika nje ya nguvukazi."

"Kwa hiyo hana kazi, lakini si mtu asiye na kazi."

"Ndivyo inavyohesabiwa, mzee."

"Basi tuko wawili nje," akasema Mzee Boga. "Mmoja kwa uzee, na mmoja kwa kupenda."

Janice alimaliza upesi na kutoka akiwa ameinamisha kichwa, kama aliyevunja kikombe cha watu. Bi Mwanarehema akamfungia viazi kwenye karatasi. "Chukua, mwanangu. Wewe huna kosa." Mteja mmoja alipofika akamwambia vimekwisha, na karai bado lilikuwa limejaa. Kisha akaufunga mlango.

* * *

Mzee Boga alizoea kulala mara tu arudipo lindoni. Siku hiyo hakulala. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akainuka, akaenda hadi mlangoni, akarudi.

"Kila asubuhi waondoka hapa na watu wa kazi," akamwambia Talha. "Waenda wapi?"

"Kwenye feri, baba."

"Halafu?"

"Nikifika ng'ambo ya mjini nangoja kidogo. Feri nyingine ikirudi, narudi nayo. Halafu navuka tena."

"Kufanya nini?"

"Kuvuka tu."

Mzee Boga akamtazama mkewe kana kwamba yeye ndiye aliyekielewa Kiswahili hicho. Talha akaendelea, macho chini.

"Aendaye kwa miguu halipi. Na asubuhi watu ni wengi, baba, kila mmoja ana haraka. Nami naenda kwa haraka yao. Hakuna anayeniuliza. Shida ni mchana, watu wakipungua. Askari waanza kuijua sura yako. Basi nashuka natembea, Ganjoni, Kizingo, popote, hadi wakati wa watu kurudi."

"Na nauli ya mama?" Jalila akauliza. "Ile anayokupa kila siku uzungukie afisi?"

"Siku nyingine niliirudisha kwenye kopo lake jioni. Siku nyingine niliila."

Bi Mwanarehema akaketi polepole. Kweli, kulikuwa na jioni alizofungua kopo la mauzo akakuta zaidi ya alivyouza. "Nami nikadhani ni baraka," akasema. "Nikamshukuru Mola."

Neno hilo lilimchoma Talha kuliko hasira ya babake. Ndipo akawaeleza habari ya viti. Aliitwa usaili kwenye afisi moja ya mizigo mjini. Walikuwa wengi, wamejipanga kwenye ujia, wote na mashati meupe na bahasha. Katibu akatoka chumbani, akawatazama, akamwita yeye. Talha akadhani zamu yake imefika. Kumbe kulitakiwa mtu wa kuhamisha viti, kutoka chumba cha chini hadi cha juu, kwa ajili ya mkutano wa wakubwa. Akavihamisha. Aliporudi, jina lake lilikuwa limeshaitwa na kupitwa. Katibu yule yule akamwambia, "Wewe ulikuwa wapi?"

"Viti?" Jalila akasema. "Umeacha kutafuta kazi kwa sababu ya viti?"

"Si viti, Jalila."

"Ni nini basi?"

"Tulikuwa wengi pale," Talha akasema. "Wote tumevaa sawasawa. Macho yake yalipita kwa wote, yakanichagua mimi. Hakusita hata kidogo."

Ungedhani kisa kimeishia hapo, kwa huruma. Lakini huruma ya Jalila ilikuwa imetumika yote miezi hiyo. Alikuwa akiamka kabla ya adhana kumenya viazi, akawasha moto, akaacha moto aje apige pasi. Mara mbili Bi Nadira alimpigia simu kwamba nafasi ipo, na mara zote mbili akajibu, "Bado, namngoja kakangu."

"Mama," akasema, "uliniambia ningoje. Nikangoja. Kumbe nilikuwa namngoja mtu ambaye mwenyewe hangoji kitu."

Akatoa simu, akapiga hapo hapo mbele yao. "Bi Nadira, ni Jalila wa Likoni. Ile nafasi ya Riyadh bado ipo? Naam. Niko tayari."

* * *

Tangu siku hiyo nyumba haikutulia. Jalila alikuwa akitoka na kuingia: leo kupimwa damu, kesho kupigwa picha, keshokutwa mafunzo ya kutumia mashine za kufulia ambazo hajapata kuziona. Bi Mwanarehema alimfuata kwa maneno kutoka chumbani hadi uani.

"Yule binti wa Mtongwe humkumbuki? Amerudi na mkono usioinuka."

"Namkumbuka, mama. Na jirani yake amewajengea wazee wake nyumba ya mawe. Huyo nawe wamkumbuka?"

"Sitaki nyumba ya mawe. Nakutaka wewe."

"Naam, mama," Jalila hujibu, na kuendelea kukunja nguo.

Talha naye alimkabili dadake mlangoni. "Nipe mwezi mmoja," akamwambia. "Wallahi nitapata kitu."

"Nimekupa mingapi tayari?"

Kesho yake Talha alivaa suruali kuukuu na fulana, shati jeupe akaliacha msumarini. Akavuka, na safari hii hakurudi na feri. Akaenda hadi Changamwe, kwenye ghala moja la mchele ambako vibarua husimama getini tangu kungali giza. Nyapara wao, jitu la makamo liitwalo Oduor, aliwachagua kwa kidole. Alipofika kwa Talha akasema, "Fungua mikono."

Talha akaifungua.

"Hii ni ya kushika kalamu," Oduor akasema, na wanaume waliosimama nyuma wakacheka. Kidole kikapita. Talha akakaa chini ya ukuta hadi adhuhuri, maana walisema huenda wengine wakahitajika. Hawakuhitajika. Siku ya pili ikawa hivyo, na nyingine pia. Kila jioni akirudi, Bi Mwanarehema alimtazama viatu, si uso. Vumbi lilikuwa la Changamwe kweli, lakini hakumuuliza. Alikwisha kuogopa kuuliza.

Wiki iliyofuata meli kubwa ilifunga gati na Oduor akawahitaji wote, wenye kalamu na wasio na kalamu. Talha akabebeshwa magunia. Kufikia saa nne ngozi ya shingo ilikuwa imechubuka, na kila gunia jipya lilitua pale pale. Alianguka mara moja, akiwa juu ya ubao wa kupandia lori. Gunia likapasuka, mchele ukamwagika, na wenzake wakamkemea kwa sababu walilipwa kwa kundi. Aliuzoa kwa viganja, punje na mchanga pamoja.

Wakati wa kunywa maji, Oduor akaja akachuchumaa karibu yake.

"Ulisomea nini wewe?"

"Usafirishaji wa mizigo."

Oduor akacheka, lakini hakukuwa na ubaya ndani yake. "Basi umefika. Mizigo ndiyo hii." Akajipangusa vumbi usoni. "Mwanangu ana digrii. Yuko nyumbani, hatoki chumbani. Mamake humpelekea chakula mlangoni. Nikimwambia aje hapa, anasema nimemdharau."

"Na wewe wamdharau?"

"Hapana," akasema Oduor, akainuka. "Namwogopea. Haya, twende, lori linangoja."

Jioni hiyo Talha aliingia nyumbani akiwa mweupe kwa vumbi la mchele, shingo amefunga kitambaa. Jalila alikuwa akijaribu abaya aliyopewa na wakala, mama akimpima mikono. Talha akatoa malipo ya kutwa mfukoni, yote, akayaweka mkekani mbele ya dadake.

Jalila aliziangalia zile noti, kisha akaiangalia ile shingo. Uso wake ulilegea, na kwa kitambo Bi Mwanarehema alidhani mambo yamegeuka.

"Kesho je?" Jalila akauliza.

Talha angeweza kusema lolote. "Kesho hakuna meli," akasema.

"Na keshokutwa?"

"Wamesema tuulize."

Jalila akazisukuma zile noti taratibu kwa vidole hadi mbele ya mama. Akaenda kuchukua maji ya moto na chumvi, akamfungua kakake kitambaa na kumkanda shingo. Talha alikuwa akiuma meno. Kila mmoja alijua kwamba safari iko pale pale.

* * *

Siku ya safari jirani aliwapakia garini, wakapita njia ya Dongo Kundu hadi uwanja wa ndege. Mzee Boga alikuja na sare yake ya lindo, kwa kuwa angerudi moja kwa moja kazini. Nje ya mlango wa wasafiri walikuwako wasichana wengine wa Bi Nadira, wote wamevaa mitandio ya rangi moja ili wasipotee. Wengine walikuwa wakipiga picha na kucheka kwa sauti kubwa mno. Mmoja alikuwa amekaa juu ya begi lake, akinyonyesha mtoto kwa mara ya mwisho kabla ya kumkabidhi bibi yake. Wote walikuwa wabichi, wenye nguvu, umri wa kazi hasa.

Mzee Boga akamshika binti yake mabegani. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na aliyokuwa nayo alikuwa ameyapanga usiku kucha akizunguka ule ua mtupu.

"Ukipigwa, rudi. Ukinyimwa chakula, rudi. Hata wasipokufanya kitu, ukichoka tu, rudi. Nyumba ni yako. Hutaulizwa umerudi na nini."

"Naam, baba."

Bi Mwanarehema alikuwa akiunyoosha mtandio wa Jalila, akiukunja, akiunyoosha tena, hadi Jalila akamshika mikono yote miwili na kuituliza kifuani pake.

Talha ndiye aliyelibeba begi hadi kwenye foleni. Walipobaki peke yao kati ya watu, akasema, "Nataka uniambie kweli. Lau ningekuwa natafuta, lau ningepata hata kazi ya afisi, ungekwenda?"

Foleni ikasogea, wakasogea nayo.

"Ningekwenda," akasema. "Mama alidhani nangoja upate kazi ili nisiende. Mimi nilikuwa nangoja upate ili niende, nisimwache na karai peke yake. Sitaki kuzeeka pale barazani, Talha. Nakaribia miaka ishirini na tatu. Kila asubuhi nawaona watu wote wanapita kwenda mahali, na mimi nawauliza kama wataka pilipili."

"Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?"

Wakatazamana, na kitu kama kicheko kikawajia wote wawili, kikafa njiani. Jalila akalichukua begi. "Ile shingo usiifunge kitambaa kichafu," akamwambia. "Itaoza." Askari akaangalia pasi yake, akaangalia uso wake, akampungia mkono apite. Mitandio ya rangi moja ikachanganyika nyuma ya kioo, na baada ya hapo haikuwezekana kujua yake ni ipi.

Talha alirudi nje. Babake alikuwa ameshaondoka. Mamake alisimama peke yake kando ya nguzo, mkoba kwapani, akiutazama mlango uliomla bintiye. Hakuwa akilia. Talha akasimama karibu, lakini si karibu sana. Tangu ile asubuhi ya maswali, mama hakuwa amemuuliza lolote: si wapi, si lini, si vipi.

Ndege moja iliruka. Haikuwa ya Jalila, ilikuwa mapema bado, lakini Bi Mwanarehema aliifuata kwa macho hadi ikapotelea mawinguni.

"Talha."

"Naam, mama."

"Kesho utakwenda wapi?"

Majibu yalimjia, mengi, mazuri, yenye kuburudisha moyo: kwamba Oduor amemwahidi, kwamba kuna afisi imemwita, kwamba inshallah mambo yatakuwa sawa. Aliyahisi yote ulimini. Akayameza.

"Sijui, mama," akasema. "Nitaanzia getini. Wasiponichukua, sijui. Lakini popote nitakapokuwa, nitakwambia."

Bi Mwanarehema akalipima neno hilo kwa muda mrefu, kama apimavyo mwanamke aliyekwisha kuuziwa kitu kibovu. Kisha akautoa mkoba kwapani, akampa aubebe.